Kilima Kimekaa Giteranyi

Jumanne, 19 Agosti

Baba amepika! Amepika kwenye mafiga!

Sina hamu. Tumevuka mpaka asubuhi, wazima wote wawili, kapu la mafiga kichwani mwangu tangu kambi ya wakimbizi kule Tanzania, kilima nyuma yetu kinakuja taratibu bila matata. Nikamwambia, Baba, kaa hapa kivulini, natafuta maji. Maji tu! Narudi, nakuta moshi. Mafiga matatu yamepangwa chini vizuri kabisa, sufuria ya maharage juu yake, Baba anapuliza moto mashavu yamemvimba. Na nyuma yake Ruhinga, kilima chetu kizima, na migomba yake na makaburi yake, kimeshajikalisha. Puu! Vumbi mpaka Rwanda.

Hata mtoto mdogo anajua hili jambo. Ukibeba mafiga ya jikoni kwa mama, kilima chenu kinakufuata. Ukiyapanga chini ukawasha moto, kilima kinajua kimefika. Kinakaa. Ndiyo maana njia nzima tumekula ndizi na mihogo mibichi kama nyani! Nimemuuliza: Baba, umesahau? Akasema njaa. Halafu akasema maharage yangeharibika. Maharage makavu!

Hapa ni Giteranyi. Kwetu ni Bugendana, huko ndani, mkoa wa Gitega. Mimi sijawahi kupaona, nilizaliwa kambini. Lakini najua shimo la Ruhinga liko kule linakingoja. Kule Tanzania kilima hakikushika ardhi, miaka yote kilichuchumaa tu nyuma ya kambi kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini. Sasa kimeingia nchi yake. Mvua ya kwanza ikikikuta Giteranyi, kitaota mizizi Giteranyi, na kikishaota hakiondoki tena ila kwa vita. Vita nani anataka? Na mvua ni mwezi ujao.

Maharage yenyewe hayakuiva.

Jumatano, 20 Agosti

Kumbe tumekaa kwa mtu.

Alikuja asubuhi na mwiko mkononi. Mama mnene, mtandio wa kijani, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Anaitwa Zuena, ni wa Muyinga mjini, mumewe Radjabu ni fundi cherehani huko. Yeye hapa Giteranyi ana kibanda njiani, anauza chai na mandazi kwa watu wa baiskeli. Yaani alikuwa njiani. Sasa njia iko chini ya Ruhinga, na kibanda kimebanwa na kilima kama kuku mlangoni.

Nikampa shikamoo yangu ya kambini. Akasema, shikamoo ya nini, mi ni muzee? Halafu akaanza, na vijineno vya Kifaransa katikati.

"Hii mulima ni ya nani? Ni yako? Donc mi naamuka asubuhi, nakuta mulima kwa mulango! Watu ya baiskeli watapita wapi sasa, weye? Juu?"

Nikamwomba radhi mara ngapi sijui. Baba alikuwa amekaa kwenye benchi lake tayari, anakunywa chai yake. Bila aibu!

Nimemweleza Zuena tunachohitaji. Kilima kikishakaa kwa mtu ni mgeni, na mgeni wa huku haondoki bila kinywaji cha kuagwa. Baba anakiita agashinguracumu, kinywaji cha kung'oa mkuki, maana zamani mgeni aliuchomeka mkuki wake nje akaung'oa akishakunywa cha mwisho. Kule kambini majirani walikimwagia togwa, kikainuka palepale. Hapa mwenyeji ni Zuena, basi amwage yeye, tuondoke. Akasema pombe hapana, kwa nyumba yake haiingii. Nikasema hata chai itatosha. Akacheka mpaka mwiko ukaanguka. Mulima inakunywa chai!

Akasema atamwaga kesho. Haya. Kesho.

Jumapili, 24 Agosti

Kesho ya Zuena haijafika bado. Alhamisi majani ya chai yaliisha. Ijumaa alikwenda msikitini. Jana mguu ulimuuma. Nimekwenda misa, nimesali, nimemwomba Mungu anipe uvumilivu. Nimerudi nimemkuta Baba anamfundisha Zuena kufunga mbuzi juu ya kilima, kwenye majani ya kaburi la Bibi, mama yake Baba. Uvumilivu wenyewe uliishia hapo.

Jumanne, 26 Agosti

Nimeelewa sasa kwa nini mguu unamuuma.

Njia imezibwa, basi watu wa baiskeli wanapanda Ruhinga. Wanasukuma ndizi zao na magunia yao mpaka juu kabisa, jasho linawatiririka, ndimi nje. Na juu kabisa wanakuta nini? Wanakuta Zuena! Kahamisha kibanda chote, benchi, jiko, mandazi, birika. Kaweka pale kwenye upepo mzuri. Elias, yule mkubwa wao mwenye kofia ya sufu, anasema hajawahi kunywa chai tamu namna hii. Bila shaka! Mtu akishapanda kilima na mikungu minne hata maji ya kuoshea vyombo yatakuwa matamu.

Baba amepewa kiti chake. Wanamwita Muzee wa Mulima.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimepanda juu, nimesimama mbele ya birika, nimesema wazi: Mama Zuena, tafadhali, tuage leo. Watu wote wakageuka na mandazi yao.

Akanitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Dada Klara, mi sijafukuza mugeni tangu nizaliwe. Mugeni akae. Iko na shida gani kwangu? Haina shida."

Nikasema mgeni mwenyewe anataka kwenda. Akamuuliza Baba: Muzee, unataka kwenda? Na Baba yangu, Nazario wa Bugendana, mtu aliyenilaza kila siku ya utoto wangu kwa kunihadithia mashamba ya Bugendana, maji ya Bugendana, baridi ya Bugendana — akaangalia ndani ya kikombe. Akasema, tutaona.

Tutaona!

Nilishuka kilima mbio. Kama si makaburi yaliyoko juu yake ningekipiga teke.

Jumatatu, 1 Septemba

Mawingu. Si ya mvua bado, ya kupita tu, lakini yapo. Nimeweka mkono kwenye udongo chini ya kilima, pale kinapogusana na ardhi ya Giteranyi. Joto. Kinapapasa chini. Kinatafuta pa kushika.

Tumegombana vibaya. Nimemwambia Baba, usinidanganye, wewe maharage hukuyapika kwa njaa. Ulitaka kikae. Akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza. Akasema Giteranyi pia ni pazuri, udongo mzuri, watu wazuri, hata kule Tanzania ni karibu tukiwakumbuka majirani. Nikamuuliza na shimo letu? Na itongo la babu, shamba la ukoo mzima, tuliache wazi kule kama jino lililong'oka? Akasema shimo haliko wazi.

Nikamuuliza maana yake nini. Akavaa kofia akaondoka.

Nimelia. Kwa hasira, si kwa huzuni. Basi, kwa huzuni pia kidogo. Nimekua bila kwetu, nikaambiwa kwetu kupo, kuko kwenye kapu hili, beba tu. Nimebeba. Shingo yangu imekuwa fupi kwa kubeba! Na sasa tumebakiza mikoa miwili, yeye anasema tutaona.

Jumatano, 3 Septemba

Mambo! Niandike haraka kabla mkono haujachoka.

Asubuhi Zuena kashuka mwenyewe mpaka nilipolala. Si kawaida yake, chini anashuka kwa shida. Akakaa kwenye jiwe, akanyamaza. Nikajua kuna jambo, maana Zuena akinyamaza hata mbuzi wanashangaa.

Akasema Baba kamweleza jana. Kamweleza yeye! Mwenye birika! Mimi mwanawe nimemuuliza njia nzima nikajibiwa kwa kofia.

Ni hivi. Ruhinga haikukimbia yenyewe. Mimi nilijua ilikimbia vita, na mafiga yakachukuliwa tu ili isipotee njia, kambini wote tulijua, tuliimbiwa hivyo. Kumbe siku ile ya vita, Baba alipokuwa anatoka mbio na marehemu Mama, akaingia jikoni kwa Bibi. Bibi alikuwa amezikwa juzi yake tu. Akaona mafiga yake, bado yana masizi. Akashindwa kuyaacha, akayatia kapuni. Hakuwaza kitu kingine, aliwaza mama yake. Na kilima kikamfuata.

Na Baba ana mdogo wake. Venansi. Siku hiyo alikuwa Ryansoro, ukweni, amepeleka ndizi. Akarudi akakuta kaka hayupo, nyumba haipo, kaburi la mama yake halipo. Kilima chote hakipo. Shimo. Akajenga ndani ya shimo kwa sababu aende wapi? Yuko humo mpaka leo na mkewe, habari Baba aliletewa kambini na wakimbizi wapya.

Mimi nina baba mdogo! Sikujua hata jina!

Zuena akasema, mi nilifikiri mulima ni ya muzee. Sasa nasikia ni ya mama wa watoto wawili, na mumoja amekaa nayo, mwingine iko ndani ya tundu. Akatikisa kichwa. "Na mi nauza mandazi juu ya mama ya watu? Hapana, quand même. Hapana. Hii ni haramu kabisa."

Akapanda. Akachemsha sufuria kubwa, ile ya harusi, chai ya tangawizi, sukari hakuipima. Akawaambia watu wa baiskeli washuke na vikombe vyao. Elias alinuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Kisha Zuena akavua ndala, akasema Bismillahi, akaimwaga yote pole pole, kuanzia kwenye kaburi la Bibi mpaka chini kabisa. Akasema, nenda salama mama, umekaa vizuri kwangu, sina neno na weye.

Ruhinga ikatetemeka. Ikainuka. Migomba ikapeperuka kama wamepita askari mbio.

Nikajitwika kapu. Zuena alikuwa anafuta macho na ncha ya mtandio, anasema ni moshi. Nilikuwa nimempangia maneno makali, nimeyatunza wiki nzima. Nimemkumbatia badala yake, ananuka tangawizi.

Baba amebeba fimbo yake, anatembea nyuma. Sisemi naye.

Alhamisi, 4 Septemba

Muyinga mjini. Hakuna mji duniani wenye maoni mengi juu ya kilima cha watu. Kipite huku! Kipite kule! Kitavunja nyaya! Polisi barabarani kanisimamisha akaniuliza nimebeba nini. Nikasema mafiga. Akauliza, na kile? Nikasema kile kinanifuata. Akafikiri sana, akaniambia kifuate upande wa kulia.

Tumepita kwa Radjabu, mume wa Zuena, mtu mwembamba, mpole, haongei. Nadhani nyumbani zamu ya kuongea haijawahi kumfikia. Kanipima kichwa kwa futi yake, akakaa kwenye cherehani, akanishonea ngata ya vitambaa, nene, na kamba ya kufunga kidevuni. Eti mkewe kamtumia salamu kwa mtu wa baiskeli kwamba kuna dada anakuja shingo imekwisha. Nimeivaa. Ee Mungu, raha yake! Ngata moja tu ningeipata mapema nisingekuwa na nusu ya hasira hizi.

Nusu nyingine ni ya Baba.

Jumapili, 7 Septemba

Bado sisemi naye. Ni kazi kutosema na mtu ambaye mko njiani wawili tu. Leo alisema, jua kali. Nikaangalia kilima. Akasema, tupumzike? Nikatundika kapu kwenye mti bila neno. Akakohoa makusudi. Ninakijua kikohozi chake cha kweli, hicho hakikuwa hicho.

Wingu moja kubwa kusini. Halikusogea siku nzima.

Jumanne, 9 Septemba

Tumevuka Ruvubu. Sisi kwa daraja. Kilima kiliingia majini chenyewe, kikasimama katikati, kikanywa. Kikanywa! Mto ukapungua mpaka viboko wakabaki wametokeza migongo, wanatuangalia kwa chuki. Nilipiga kelele: tunachelewa wewe! Kikatoka na magugu ya mto yananing'inia.

Ng'ambo nikakaa chini miguu imeisha. Baba akakaa pembeni. Akaongea bila kuulizwa.

Akasema alipokimbia hakugeuka nyuma. Alifundishwa hivyo, ukikimbia usigeuke. Alisikia kishindo akafikiri ni askari. Walikwenda usiku kwa usiku, na kulipopambazuka karibu na mpaka, Mama ndiye aliyegeuka, akasema, Nazario, umeleta nini. Kurudi ilikuwa kufa. Mama alikuwa na mimba yangu.

Nikamuuliza, miaka yote ile hukutuma hata neno? Kwamba kilima kipo, kwamba Bibi yupo, salama? Akasema kila mwaka alisema mwaka huu. Halafu ikawa miaka mingi, na neno likawa kubwa, likamshinda kinywa. Akasema Giteranyi aliponusa udongo wa huku miguu ilikataa. Akasema, nitamwambia nini Venansi? Nimekurudishia mama?

Mimi nilikuwa nimejiandaa kumkaripia. Nilikuwa na haki! Lakini alikuwa anang'oa nyasi mojamoja, mzee mzima. Nikamwambia, Baba, wewe unaniudhi sana. Akasema anajua. Nikamwambia inuka basi, wingu lile linakuja.

Akainuka. Leo ametembea mbele.

Ijumaa, 12 Septemba

Gitega. Soko, vumbi, kelele. Kila mtu ananiuliza kilima ni cha kuuza? Hapana! Si cha kuuza! Mama mmoja alitaka nusu tu.

Baba amenunua shati jipya. Anasema la zamani limechanika. Halijachanika.

Jumamosi, 13 Septemba

Tumefika.

Nilifikiri nitalia au nitacheka. Nilisimama tu na kapu langu. Shimo la Ruhinga ni kubwa kuliko nilivyowaza, na halina ubaya. Ndani kuna nyumba ya bati, migomba, maharage ya kijani, kabichi zilizopangwa kwa mistari. Limepaliliwa, limefagiliwa, limependwa. Kitu kimoja tu: ilikuwa saa nne asubuhi na jua lilikuwa halijafika chini. Watu wa mle ndani walikuwa wamevaa masweta.

Mwanamke akapanda kutoka chini, jembe begani, mkavu, mrefu. Akaangalia kilima nyuma yetu, akaangalia kapu, akamwangalia Baba na shati lake jipya. Akasema kwa Kirundi, ndiyo nyinyi. Si swali. Ni Anisia, mke wa baba mdogo. Akasema mumewe anatoka kuchota maji. Akatupa viazi vitamu vilivyopoa tule. Hakututukana. Ningependelea atutukane.

Halafu Venansi akatokea na dumu la maji. Anafanana na Baba kama vile mtu kapiga picha mbili, ila huyu kachomwa na baridi. Baba akavua kofia. Akafungua mdomo. Miaka yote ile, na njia yote hii, na mdomo ukabaki wazi!

Venansi akampita. Akanipita na mimi. Akaweka dumu chini, akapanda Ruhinga, moja kwa moja, bila kuuliza njia. Miguu yake iliijua. Akafika kwa Bibi, akakaa.

Jioni bado amekaa. Anisia kampelekea sweta la pili.

Jumapili, 14 Septemba

Nimechoka na hawa wazee! Wote wawili!

Asubuhi Venansi yuko juu vilevile. Baba yuko chini, anazunguka dumu la maji kama linaweza kumwambia kitu. Na wingu, lile la kusini, limefika. Limekaa juu ya Bugendana jeusi, zito, linanuka mvua. Kilima kimesimama kwenye ukingo wa shimo, kwenye mashamba ya majirani, na majirani wameanza kuja mmoja mmoja kuuliza kwa upole kitakaa hapo mpaka lini. Mvua ikinyesha sasa, Ruhinga itaota hapo hapo ukingoni. Shimo litabaki shimo. Na mashamba ya majirani tutakuwa tumeyazika.

Nimemwambia Baba, nenda kaongee naye. Akasema nenda wewe, wewe ni mtoto, hatakukasirikia. Nikamwambia nina mafiga kichwani, nikipanda kilima na kilima kikinifuata, tutakwenda wapi? Baba akalifikiria hilo kwa makini. Ningeweza kutundika kapu kwenye mti, mti upo. Sikutaka. Aende mwenyewe.

Nikamuuliza Anisia, mama mdogo, hawa tuwafanyeje? Akasema, mimi nimekaa na mmoja, wewe umekaa na mwingine, unauliza nini tena? Akafunga kanga kiunoni. Akaita wanawe na wake zao. Wakaanza kuezua bati ili kilima kipate pa kukaa, hakungoja mwanamume yeyote aseme neno. Mabati, milango, kuku miguu imefungwa, magodoro, kabichi zote zimeng'olewa changa, vyote vinapandishwa ukingoni. Nikamwuliza, na Baba mdogo akikataa? Akasema akikataa atakaa kule juu peke yake na mama yake, mimi nataka jua.

Baba aliona mabati yanapita. Naona ndiyo yaliyomsukuma. Alivaa kofia, akavua, akavaa. Akapanda.

Sote tuliacha kazi tukaangalia. Kutoka chini husikii kitu. Alifika, akasimama mbali kidogo na kaburi. Venansi hakugeuka. Baba akapiga magoti. Si mbele ya kaburi, mbele ya Venansi! Baba yangu ambaye hajawahi kukubali hata kwamba yale maharage yalikuwa makavu. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka Anisia akaanza kusema peke yake, haya, haya, haya. Kisha Venansi akanyoosha mkono. Nikafikiri anampiga. Akamvuta sikio! Alimvuta sikio kaka yake mkubwa, akalitikisa, kama unavyomfanyia mtoto aliyeiba ndizi, na nikaona mabega ya wote wawili yanatikisika, kwa kilio au kwa kicheko sijui, na sasa natikisika mimi, ona mwandiko.

Halafu wakaanza kugombana.

Naandika nimesimama, daftari kiganjani, kapu kichwani, ngata imenibana kidevu. Tatizo ni hili. Nitakapowasha moto mle ndani ndipo kilima kitakapokalia na kugeuzia uso wake, milele. Nimeshuka katikati ya shimo, kilima kiko ukingoni kinanichungulia. Nina kuni za Anisia kwapani. Ninangoja kuambiwa niyapange mafiga wapi. Ni kusema tu, hapa!

Venansi amesimama kule juu, mikono mdomoni, anapiga kelele. Mwana wacu! Ndivyo anavyoniita. Mtoto wetu! Sogea kushoto! Mama alikuwa akikoroga uji jua linamwingia machoni, mlango ulitazama asubuhi!

Nikasogea kushoto. Kilima kikasogea.

Baba naye mikono mdomoni: kulia! Kulia! Jua la jioni lilikuwa linapiga kwenye mtungi wake, nakumbuka, mlango ulitazama jioni!

Nikasogea kulia. Kilima kikasogea. Majirani wakaruka pembeni.

Kushoto! Kulia! Wewe ulikuwa mdogo, unajua nini! Wewe ulikuwa hukai jikoni! Wazee wawili wanasukumana juu ya mama yao, na Anisia amekaa juu ya mabati amejishika kichwa, na wingu limeshuka mpaka kwenye kofia ya Baba. Tone. La kwanza, kwenye pua yangu. Kuni zitalowa.

Semeni basi, jamani! Niende wapi?